Ryzen 5 5600 na RTX 3060, lakini gemu inakokota miguu. Wataalamu njooni

Msamvu_Boy (mleta uzi)
Ijumaa, saa 4:12 usiku

Wakuu habari za usiku. Nimevumilia wiki mbili, leo nimeshindwa.

Nimejichanga mwaka mzima, nikaagiza desktop kwa fundi mmoja Dar. Milioni moja na laki saba, ikaja Moro kwa basi imefungwa godoro kama maiti ya tajiri. Vilivyomo ndani:

Prosesa Ryzen 5 5600
Kadi ya picha RTX 3060 ya 12GB, imetumika
Mazabodi B450 yenye sloti nne za RAM, imetumika
RAM 16GB DDR4 ya 3200
SSD ya SATA 480GB
Pawasaplai wati 550
Monita inchi 24, 1080p, 144Hz

Binamu yangu yuko Arusha, ana prosesa hiyohiyo na kadi hiyohiyo. Yeye Cyberpunk 2077 kwenye 1080p, setingi za High, ray tracing imezimwa, anapata FPS (picha kwa sekunde) 70 na kitu. Mimi 41. Nikiingia sokoni kwenye watu wengi inaporomoka mpaka 19, picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Warzone ndiyo usiseme. Nakufa kwanza, halafu ndiyo namwona aliyeniua.

Draiva nimefuta kwa programu ya DDU na kuweka upya. Windows nimepiga upya mara mbili. Joto si tatizo, kadi 58, prosesa 66. Haijawahi kujizima hata siku moja.

Nimekosea wapi?

Kijiwe_Nongwa
Ijumaa, saa 4:15 usiku

Hujakosea popote mkuu. Umepigwa. Pole sana.

*nimevuta kiti, niko pale kwenye kona na kahawa yangu*

RAM_ni_Uhai
Ijumaa, saa 4:31 usiku

16GB siku hizi ni ya kufungulia Chrome tu. Ongeza RAM nyingine ya 16 uwe na 32, utakuja kunishukuru. Uzi ufungwe.

Chombeza255
Ijumaa, saa 4:40 usiku

Angalia nyuma ya kasha, waya wa monita umechomeka wapi. Wengi wanachomeka HDMI kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi, halafu wanalia gemu nzito.

Msamvu_Boy
Ijumaa, saa 4:44 usiku

@Chombeza255 mkuu mimi si mtoto. Waya uko kwenye kadi.

Nyali_Kibodi
Ijumaa, saa 5:02 usiku

Kwanza hiyo 5600 isiyo na herufi G haina picha ya ndani kabisa. Angechomeka kwenye mazabodi angeona skrini nyeusi, si gemu nzito. Kwa 5600G sawa, hapo swali lina maana.

Ndugu yangu wa Moro, mimi niko Mombasa. Stima ya kwenu jioni iko vipi? Huku kwetu ikifika saa moja usiku kila mtu anawasha AC na taa zinakuwa za njano. Nilikuwa na pawasaplai ya bei ya mandazi, nikicheza gemu nzito mashine inalala yenyewe.

Msamvu_Boy
Ijumaa, saa 5:10 usiku

Jioni umeme unachoka kidogo, ni kweli. Lakini hata saa tisa alasiri FPS ni zilezile. Na nina stabilaiza.

Mzee_wa_Vipimo
Jumamosi, saa 12:50 asubuhi

Nimeamka nikakuta watu wameshamnunulia kijana RAM, wamembadilishia pawasaplai, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kadi yake inafanya kazi kwa asilimia ngapi.

Suala la umeme tuliweke kando kwanza. RTX 3060 inakula wati 170, hiyo prosesa ni ya wati 65. Pawasaplai ya 550 iliyo nzima inabeba bila jasho. Ikizidiwa, kwa kawaida mashine inajizima au inajiwasha upya, kama ilivyomtokea Nyali. Huwa haikai ikakugawia FPS 41 kwa upole kila siku, asubuhi na jioni.

Mleta uzi, mimi kilichonigusa ni joto lako. Kadi ya wati 170, Morogoro, kasha la kawaida, gemu nzito kama Cyberpunk, halafu 58? Hiyo kadi haitoki jasho kwa sababu hailimi. Fanya haya matatu ulete majibu, usinunue kitu chochote kabla:

Weka programu ya MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo, ionyeshe kwenye kona ya skrini matumizi ya kadi, ya prosesa, na FPS. Zima V-Sync na kizuizi chochote cha FPS. Cheza dakika kumi sehemu ileile.

Kisha shusha ubora wa picha kutoka 1080p mpaka 720p, urudie sehemu ileile.

Mwisho, pakua CPU-Z na GPU-Z, piga picha ukurasa wa Memory wa ile ya kwanza na ukurasa wa mwanzo wa ya pili.

RAM_ni_Uhai
Jumamosi, saa 2:20 asubuhi

Mzee unamzungusha kijana. RAM tu hapo.

Msamvu_Boy
Jumamosi, saa 8:35 mchana

Shikamoo mzee. Nimefanya.

1080p: FPS 41, kadi asilimia 57, prosesa asilimia 38.
720p: FPS 43, kadi asilimia 35, prosesa asilimia 40.

Kwa kweli nilitegemea 720p zipande mpaka 80. Zimepanda mbili tu.

CPU-Z inasema DRAM Frequency 1066, na chaneli ni moja. GPU-Z pale Bus Interface imeandika PCIe x16 4.0 @ x4 1.1. Sijui maana yake.

Ila wakuu msinichape. Jana usiku baada ya kusoma ushauri wa @RAM_ni_Uhai nilishamtumia hela jamaa wa hapa Msamvu, leo ameleta RAM ya 16 ya 3200. Elfu tisini. Naichomeka jioni.

Kijiwe_Nongwa
Jumamosi, saa 8:37 mchana

🤣🤣🤣 *naagiza kahawa ya pili*

Mzee_wa_Vipimo
Jumamosi, saa 10:05 jioni

Marahaba. Sasa tuna kitu cha kushika.

Ukipunguza kazi ya kadi zaidi ya nusu na FPS zisisogee, mwenye kuchelewesha si kadi. Kadi yako ni mpishi hodari aliyekaa jikoni anasubiri mchele. Mchele hauji. Swali ni nani anauchelewesha, na vipimo vyako vinataja watu wawili.

Wa kwanza ni RAM. Namba 1066 unaizidisha kwa mbili, ndivyo DDR inavyohesabiwa, unapata 2133. Umenunua ya 3200 lakini inatembea 2133, kwa sababu RAM nyingi za DDR4 zikichomekwa bila kuambiwa kitu zinaanzia mwendo wa chini wa kawaida. Mwendo ulioandikwa kwenye boksi unauwasha wewe kwenye BIOS (setingi za mazabodi kabla Windows haijawaka), panaitwa XMP, au DOCP kwenye mazabodi nyingine. Isitoshe ni RAM moja, kwa hiyo chaneli moja, yaani njia moja ya kwenda kwa prosesa. Fanya hesabu: 2133 kwa chaneli moja ni GB 17 kwa sekunde. RAM mbili za 3200 kwenye chaneli mbili ni GB 51. Ryzen inapenda RAM yenye mbio kuliko mtoto anavyopenda pipi. Kwa hiyo RAM_ni_Uhai amepatia, ingawa kwa sababu isiyo sahihi. Si kwamba 16GB ni ndogo. Ni kwamba barabara ni ya njia moja na ina matuta.

Wa pili ndiye aliyeninyima usingizi wa mchana. x4 1.1. Hiyo 1.1 usiiogope, kadi ikiwa imepumzika inashusha gia kuokoa umeme. Bonyeza kile kialama cha kuuliza pembeni ya Bus Interface, kitaipa kadi kazi ndogo, halafu soma tena. Ila x4, yaani njia nne za data, inatakiwa kuwa x16. Hiyo haipumziki hivyo.

Msamvu_Boy
Jumamosi, saa 11:20 jioni

Nimebonyeza. Sasa inasoma x16 4.0 @ x4 2.0.

Mzee_wa_Vipimo
Jumamosi, saa 11:31 jioni

Fungua kasha uniambie kadi imechomekwa sloti ya juu au ya chini.

Msamvu_Boy
Jumamosi, saa 11:40 jioni

Ya chini.

Mzee_wa_Vipimo
Jumamosi, saa 12:15 jioni

Basi. Kwenye B450 ile sloti ndefu ya juu inatoka moja kwa moja kwenye prosesa, njia 16 za PCIe 3.0, karibu GB 16 kwa sekunde. Ile ya chini ni ndefu kwa macho tu. Ndani ina njia 4, za PCIe 2.0, na zinapita kwanza kwa chipseti, chipu ya mazabodi inayogawa njia, ambako zinagombania njia na SSD, USB na intaneti. Hiyo ni GB 2 kwa sekunde. Kadi yako inapata moja ya nane ya haki yake.

Ihamishie juu, washa XMP, tumalize.

Nyali_Kibodi
Jumamosi, saa 1:03 usiku

Lakini mzee, fundi aliyeunganisha mashine nzima kwa mikono yake, sloti ya juu iko wazi, kwa nini aweke chini? Hiyo si bahati mbaya bana.

Msamvu_Boy
Jumamosi, saa 3:48 usiku

Wakuu nina hali mbaya.

Nimehamishia kadi juu, skrini nyeusi. Feni zinazunguka, hakuna picha. Nimetoa, nimefuta meno ya kadi kwa kifutio cha penseli, nimerudisha mpaka kilipolia "ka", bado nyeusi. Nimeirudisha chini, inawaka.

Nikasema basi angalau RAM. Nimeweka ile mpya sloti ya nne, ile ya zamani ipo ya pili kama mazabodi inavyoelekeza. Haiwaki. Kitaa kidogo kilichoandikwa DRAM kimebaki chekundu. Nimeitoa mpya, inawaka.

Nimempigia fundi wa Dar. Kasema, nanukuu kwa kumbukumbu: "Ile sloti ya juu ilikuwa haitoi picha ndiyo maana nikakuwekea chini, kazi si inafanya?" Halafu mtandao ukamkatikia.

RAM_ni_Uhai
Jumamosi, saa 3:55 usiku

Hiyo RAM uliyoletewa ni feki au haipatani na ya zamani. Mrudishie jamaa.

Chombeza255
Jumamosi, saa 4:10 usiku

Mazabodi imekufa sloti. Nunua nyingine, B550 itumike, hutajuta. Usipoteze muda.

Kijiwe_Nongwa
Jumamosi, saa 4:12 usiku

Nilisema nini mimi dakika ya tatu ya uzi huu?

Binti_Lehemu
Jumapili, saa 4:25 asubuhi

Samahani nimechelewa, jana nilikuwa na simu kumi na moja mezani. Naomba msinunue kitu chochote kwanza.

Kaka wa Msamvu, una RAM mbili na sloti nne. Chukua RAM moja peke yake, iweke sloti ya kwanza, washa. Kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Halafu chukua nyingine ufanye hivyohivyo. Kila ukihamisha, zima na uchomoe waya ukutani. Nipe majibu manane. Najua inachosha.

Msamvu_Boy
Jumapili, saa 6:40 mchana

Dada nimemaliza. RAM ya zamani inawaka sloti ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne haiwaki. RAM mpya vilevile: kwanza na pili sawa, tatu na nne hakuna kitu.

Nikajaribu zote mbili kwa pamoja kwenye ya kwanza na ya pili. Imewaka, inasoma 32GB. Ila CPU-Z bado inasema chaneli moja.

Binti_Lehemu
Jumapili, saa 7:15 mchana

Vizuri sana. RAM zako zote ni nzima, yule jamaa wa Msamvu aombwe radhi.

Sasa tazama kitu kimoja. Sloti ya tatu na ya nne ni chaneli B. Chaneli B yote haipo. Sloti ndefu ya juu nayo haipo. Sloti ya chini ipo, USB zipo, SSD ipo. Unaona mgawanyo? Vilivyokufa vyote viwili vinatoka moja kwa moja kwenye prosesa. Vilivyo hai, ukiacha chaneli A, karibu vyote vinapita kwa chipseti. Hiyo prosesa ina njia 24 za PCIe: 16 ni za sloti ya juu, 4 za SSD ya M.2, 4 za kuongea na chipseti. Na chaneli mbili za RAM zimo humohumo ndani yake.

Mazabodi kuua sloti ya kadi na chaneli ya RAM kwa mpigo inawezekana, lakini kabla ya kuilaumu mimi nataka kuona tumbo la prosesa. Prosesa yako ni ya soketi ya AM4, ina pini 1331 nyembamba kama ndevu za paka. Zikilala tatu nne, unapoteza hicho zilichokuwa zinabeba, na mashine inaweza kuendelea kuwaka kana kwamba hakuna lililotokea.

Na jinsi zinavyolala naijua, nimeziona nyingi. Mtu ananunua prosesa na mazabodi vilivyotumika, anataka kutoa hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) ya zamani, pesti ya kupitisha joto imekauka imekuwa gundi, anaivuta juu kwa nguvu. Hitisinki inatoka na prosesa imening'inia chini yake, kishikio cha soketi kikiwa bado kimefungwa. Soketi ya AM4 hairuhusu hivyo bila kukwaruza. Anairudisha kwa kubonyeza. Kwisha.

Mzee_wa_Vipimo
Jumapili, saa 7:40 mchana

Binti, nakuvulia kofia. Mimi niliziona dalili mbili nikadhani ni magonjwa mawili.

Msamvu_Boy
Jumapili, saa 7:44 mchana

Dada naitoaje sasa? Mikono inatetemeka kabla sijaanza.

Binti_Lehemu
Jumapili, saa 8:20 mchana

Usifanye kosa la aliyekutangulia. Cheza gemu dakika kumi na tano kwanza, pesti ipate joto ilainike. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Shika chuma cha kasha mwili utoe umeme wake.

Fungua hitisinki. Usivute juu. Zungusha kushoto na kulia taratibu, kama unafungua kifuniko cha chupa ya jemu kilichogoma, mpaka uisikie imeachia. Ndipo uinue. Kisha inua kishikio cha soketi mpaka kisimame, prosesa itoke yenyewe kwa kuishika kingo. Igeuze, iweke juu ya kadibodi, pini zikiangalia juu. Piga picha kwa ubavu, mwanga ukitoka upande. Kutoka juu hutaona kitu.

Msamvu_Boy
Jumapili, saa 11:02 jioni

[picha]
[picha]

Wakuu. Kona ya karibu na ile pembetatu ya dhahabu, pini nne zimelala. Moja imelala kabisa imeegemea mwenzake. Na katikati ya pini kuna pesti, kama mtu alipaka kwa kijiko.

Nyali_Kibodi
Jumapili, saa 11:06 jioni

Woi.

Kijiwe_Nongwa
Jumapili, saa 11:09 jioni

Hapa hata mimi utani umeniisha. Fundi alijua. Mtu haweki RAM moja chaneli nzima na kadi sloti ya chini kwa bahati. Alijaribu, akaona kipi kinakataa, akapanga mashine kukwepa maiti, akakutumia kwa basi. Mtaje jina tusije tukaenda na sisi.

Msamvu_Boy
Jumapili, saa 11:15 jioni

Jina sitaji mkuu, bado naongea naye kuhusu hela. Dada, zimekufa au zinaponyeka?

Binti_Lehemu
Jumapili, saa 12:30 jioni

Hakuna iliyokatika, nimekuza picha nikahesabu mistari. Iliyolala inasimama. Iliyokatika ndiyo kesi nyingine.

Tafuta penseli ya kubonyeza, toa risasi yote, ubaki na kile kimdomo chenye tundu. Kivishe kwenye pini, inyanyue kidogo, pumzika, nyanyua tena. Usiinyooshe kwa mkupuo mmoja, chuma kilichokunjwa mara moja kina kumbukumbu, ukikilazimisha kinakatika. Ile iliyoegemea mwenzake ianze na wembe, pitisha ubapa kati ya mistari miwili uitenganishe kwanza. Ukimaliza, tazama mistari kwa pande zote nne, kushoto kwenda kulia na kwa mshazari. Kila mstari uwe umenyooka kama vijana wa halaiki.

Pesti iliyo kati ya pini: alkoholi ya isopropili, ile ya asilimia 99, na mswaki laini usiotumika. Usitumie spiriti ya rangi ya kusafishia vidonda, inaacha mabaki. Iache ikauke nusu saa.

Kurudisha: kishikio juu, pembetatu ya dhahabu na pembetatu ya soketi zikutane, iweke, iachie. Inatakiwa iingie kwa uzito wake wenyewe. Ikikataa, usibonyeze. Itoe utazame pini tena.

Usikimbilie. Mimi kwa pini nne huchukua saa nzima, na ndiyo kazi yangu.

Chombeza255
Jumapili, saa 12:41 jioni

Prosesa za AM5 hazina ujinga huu, pini zimehamia kwenye soketi.

Binti_Lehemu
Jumapili, saa 12:44 jioni

Ndiyo, sasa wanakunja za soketi. Hizo ni ngumu zaidi kunyoosha. Nina mbili kabatini hapa.

Msamvu_Boy
Jumatatu, saa 5:20 usiku

Nimesubiri nitoke kazini, nimekunywa maji, nimemfukuza mdogo wangu chumbani. Saa moja na dakika arobaini. Mara ya kwanza haikuingia, nikaitoa, kumbe pini moja ilikuwa imechungulia upande. Mara ya pili imedondoka yenyewe, "tii". Sauti ndogo hiyo sitaisahau.

Pesti mpya, hitisinki, RAM ya pili na ya nne, kadi juu. Nikabonyeza swichi nimefumba jicho moja.

IMEWAKA. Picha kutoka sloti ya juu. 32GB. CPU-Z inasema chaneli mbili.

Kijiwe_Nongwa
Jumatatu, saa 5:21 usiku

DADA APEWE SOKETI LAKE

Mzee_wa_Vipimo
Jumatatu, saa 5:40 usiku

Hongera sana kijana, na wewe binti. Usiingie kwenye gemu bado. Washa XMP, kisha pitisha MemTest86 kwa flashi usiku kucha. RAM zako ni za watu wawili tofauti, na hiyo chaneli ndiyo kwanza imefufuka. Asubuhi ikileta kosa hata moja, shusha mpaka 3000 urudie.

Msamvu_Boy
Jumanne, saa 2:15 usiku

MemTest imemaliza mizunguko minne, kosa sifuri, kwenye 3200.

GPU-Z: x16 4.0 @ x16 3.0. Haya sasa, sehemu ileile, setingi zilezile, Cyberpunk 1080p High: FPS 74. Pale sokoni palipokuwa 19 sasa haishuki chini ya 56. Kadi inafanya kazi asilimia 97, na joto limefika 71. Mzee, inalima.

Swali moja: kwa nini 3.0 wakati kadi ni ya 4.0? Kuna pini nyingine imelala?

Mzee_wa_Vipimo
Jumanne, saa 2:50 usiku

Hapana, hapo ndipo B450 inapoishia. Kwa 3060 yenye njia zote 16, tofauti ya 3.0 na 4.0 ni ndogo, hutaiona kwa macho. Wanaoumia ni wenye kadi zilizopewa njia 4 tu kiwandani, kama RX 6500 XT, wakizichomeka kwenye mazabodi ya 3.0. Wewe lala salama.

Ukitaka kukamua zaidi, kuna Resizable BAR kwenye BIOS, inaiachia prosesa ifikie kumbukumbu yote ya kadi kwa mpigo. Kadi yako na prosesa yako zinaikubali, ila mazabodi iwe na BIOS ya karibuni na CSM (njia ya zamani ya kuwasha mashine) iwe imezimwa. Tahadhari: kama Windows uliiweka kwenye diski yenye mpangilio wa zamani wa MBR, ukizima CSM haitawaka, utanipigia simu saa nane za usiku. Hakikisha diski ni ya mpangilio mpya wa GPT kwanza.

Nyali_Kibodi
Jumanne, saa 3:05 usiku

Na ile monita ya 144Hz, umeangalia Windows imeiweka ngapi? Bonyeza kulia kwenye skrini, nenda setingi za Display, kisha Advanced display.

Msamvu_Boy
Jumanne, saa 3:09 usiku

...60.

Nimeweka 144 sasa hivi. Hata kishale cha mausi kimekuwa kama kimepakwa mafuta. Wiki mbili nimekaa na hii kitu jamani.

RAM_ni_Uhai
Jumanne, saa 3:30 usiku

Naomba iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba mimi nilisema RAM tangu mwanzo.

Msamvu_Boy
Jumanne, saa 3:34 usiku

Na bila ile RAM ya pili tusingejua chaneli B imekufa, kwa hiyo mkuu soda yako ipo. Ya dada Binti_Lehemu ni kreti.

Fundi amepokea simu leo. Mwanzo alikana, nikamtumia zile picha mbili. Akakaa kimya, akasema naye aliuziwa prosesa na mazabodi vikiwa vimeshikana hivyohivyo, hakujua la kufanya. Atarudisha laki moja mwisho wa mwezi. Nimemtumia na maelezo ya penseli.

Binti_Lehemu
Jumatano, saa 1:10 asubuhi

Kreti naipokea, Tanga, ofisi ya mabasi. Ifungwe godoro.

Msamvu_Boy
Jumatano, saa 2:02 usiku

Wakuu la mwisho. Binamu wa Arusha amesoma uzi wote leo akiwa kazini, akanicheka mpaka akapaliwa. Amerudi nyumbani akaenda kuangalia monita yake ya 165Hz.

60. Tangu Desemba.